Mpira Umetulia, Anayetikisika Ni Wewe: Maneno kwa Wanaoanza Masomo ya Gofu

Ndugu zangu mlioamua kuanza, na nyinyi wachache ambao najua mmeburutwa hapa na mke au mume, karibuni. Nimepewa nusu saa kuwaeleza mtakayokutana nayo katika masomo ya gofu, na mwenyekiti ameniomba nisiwatishe. Nitajitahidi.

Nianze na jambo ambalo hakuna aliyeniambia mimi. Katika kandanda mpira unakujia, unauwahi, huna nafasi ya kufikiri. Tenisi nayo ni hivyo hivyo. Mpira wa gofu umekaa tu. Haukimbii, haudundi, hakuna anayekuja kukunyang'anya. Una muda wote unaoutaka, na huo muda ndio unaokumaliza, maana kichwa hakikai kimya: kinakukumbusha nani anakutazama, kinakukumbusha mpira uliopita ulikwenda wapi, mwisho kinakuamuru upige kwa nguvu zako zote. Nilipokwenda kwenye somo langu la kwanza nilikuwa na miaka 41. Nilikuwa nimecheza michezo mingine ujanani, na niliamini kabisa kwamba kitu kilichotulia hakiwezi kunishinda. Nikazungusha fimbo mara tatu. Mara zote tatu nikapiga hewa. Mpira ulikuwa pale pale juu ya tii yake, kile kijiti kinachouinua kutoka ardhini, umetulia kama kuku anayeatamia.

Mwalimu hakucheka. Walimu wa gofu wameona hewa ikipigwa mara nyingi mno kiasi kwamba haiwachekeshi tena. Kwa hiyo msiombe radhi. Kila mwanafunzi mpya anaomba radhi baada ya kila mpira, samahani mwalimu, samahani tena, kana kwamba amemkanyaga mguu. Hujamkanyaga mtu. Umelipia nafasi ya kukosea mbele ya mtu anayejua kwa nini umekosea.

Somo la kwanza huwa linaanza na maswali, na wengi hawayatarajii. Mgongo wako ukoje? Goti? Bega liliwahi kuteguka? Kazi yako ni ya kukaa au ya kusimama? Unataka gofu ya kucheza na wenzako mwisho wa wiki, au unataka siku moja uingie mashindanoni? Hapa naomba msidanganye, hasa kuhusu mgongo. Kupiga mpira wa gofu ni kujisokota: mabega yanageuka zaidi kuliko nyonga, halafu vyote vinafunguka kwa haraka. Mwalimu akijua kiuno chako hakigeuki vizuri atakufundisha kuinua kisigino cha mbele kidogo ili mwili upate nafasi. Asipojua atakudai mgeuko wa kijana wa miaka ishirini, na kesho yake utashindwa kufunga kamba za viatu.

Baada ya maswali atakuambia upige mipira kadhaa huku yeye akiwa kimya. Ukimya huo unatisha, nakiri. Anasimama nyuma yako, kisha anahamia mbele ya kifua chako, labda anatoa simu na kukupiga picha za video. Hakupi mtihani. Anatafuta kosa moja linalozaa mengine. Mtu anaweza kuwa na makosa tisa yanayoonekana kwa macho, lakini manane yakawa ni watoto wa lile moja, na mara nyingi lile moja liko kwenye mikono.

Kabla sijafika kwenye mikono, neno moja la vifaa. Msinunue seti nzima. Sheria inamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, na anayeanza akisikia hivyo anafikiri anatakiwa awe nazo 14. Miezi ya kwanza mtahitaji tatu: fimbo moja ya chuma ya kati, kwa kawaida namba 7 au 8, weji moja, yaani fimbo ya kupigia mipira ya karibu, na fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo. Walimu wengi wana za kuazimisha. Subirini waone urefu wenu na mnavyosimama, ndipo mnunue. Vaeni nguo isiyobana mabega na viatu vyenye soli isiyoteleza. Glovu moja inatosha, ya mkono wa kushoto kwa anayepiga kwa kulia. Anayetumia mkono wa kushoto aseme mapema, ingawa hata hilo halina kanuni ngumu: Phil Mickelson, mchezaji mashuhuri wa Marekani, anaandika kwa mkono wa kulia, lakini tangu utotoni anapiga gofu kushoto kwa sababu alisimama mbele ya baba yake na kumwiga kama anayejitazama kwenye kioo.

Sasa mikono. Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndipo mtakapokaa nanyi.

Nimebeba fimbo, acha niwaonyeshe. Mtu ambaye hajafundishwa anashika hivi, kama mpini wa jembe: mpini umelala katikati ya kiganja, ngumi imefungwa, vifundo vimekaza. Ni mshiko unaoeleweka kabisa, kwa kulima. Mwalimu atakuja akufungue mkono, kidole kimoja kimoja, na kuulaza mpini kwa mshazari kwenye shina la vidole vya mkono wa kushoto, kuanzia kwenye pingili ya kati ya kidole cha shahada hadi chini ya kidole kidogo. Kiganja kinafunika kwa juu, gumba linakaa kulia kidogo kwa mpini. Kisha mkono wa kulia unakuja chini yake, nao kwa vidole. Ukitazama chini utaona gumba na kidole cha shahada cha kila mkono vimechora herufi V, na hizo V zinaelekea upande wa bega lako la kulia. Wa mkono wa kushoto mgeuze maelezo yote.

Mikono yenyewe inaunganishwa kwa namna tatu. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kinaweza kulala juu ya mwanya wa vidole vya kushoto. Mshiko huu umebeba jina la Harry Vardon, Mwingereza aliyeshinda mashindano ya Open ya Uingereza mara sita, ingawa si yeye aliyeubuni. Au kidole hicho kinafungamana na cha shahada cha kushoto, kama walivyoshika mabingwa wa Marekani Jack Nicklaus na Tiger Woods. Au vidole vyote kumi vinakaa kwenye mpini bila kupandana, na hii inawafaa watoto, wenye mikono midogo, na wanaosumbuliwa na viungo. Mwalimu atakuchagulia, na utamwona kama amekosea. Ndugu zangu, mshiko sahihi unauma. Hauumi kama jeraha; unakera, kama kalamu uliyoambiwa uiandikie kwa mkono usio wako. Utahisi fimbo itachomoka na kuruka pamoja na mpira. Utaambiwa ulegeze zaidi, kama ulivyoshika kifaranga: asitoroke, lakini apumue. Na ukirudi nyumbani, usiku huo huo, mkono utakuwa umesharudi kwenye jembe lake.

Ndiyo maana nawaambia mazoezi mazuri kuliko yote ya mwezi wa kwanza hayahitaji mpira. Weka fimbo karibu na kiti unachokalia jioni. Ishike, iachie. Ishike tena. Mara ishirini, huku ukiangalia taarifa ya habari. Usizungushe, tafadhali, taa za nyumba ni ghali.

Na asije akajidanganya mtu kwamba haya ni mambo ya watoto wa shule ya awali. Nicklaus ndiye mwenye mataji makubwa, yaani ya yale mashindano manne ya mwaka yanayoheshimiwa kuliko yote, mengi kuliko mchezaji yeyote wa kiume, 18. Alianza kufundishwa na Jack Grout akiwa na miaka kumi, na alipokwisha kuwa bingwa wa dunia aliendelea, kila msimu ulipoanza, kurudi kwa mwalimu yule yule na kupitia upya mambo ya mwanzo: mshiko, kusimama, kuelekea lengo. Bingwa anakaguliwa mshiko, sisi tunaona haya.

Kusimama ni rahisi zaidi kueleza: miguu upana wa mabega, unainama kutoka kwenye nyonga na si kiunoni, magoti yamelegea kidogo, mikono inaning'inia. Ila kuna mtego mmoja. Macho yako yako pembeni ya mpira, hayako nyuma yake kama ya mwenye bunduki, kwa hiyo yanadanganya kuhusu mwelekeo. Utaapa umeelekea bendera kumbe umeelekea mti. Mwalimu atalaza fimbo chini mbele ya vidole vya miguu yako, akuambie urudi nyuma uangalie. Mara ya kwanza nilipofanyiwa hivyo nilidhani ameisogeza kwa mguu.

Halafu mtazungusha nusu tu. Wenye hamu ya kuona mpira unapotelea mawinguni wanachukia sana somo hili. Mikono inakwenda hadi usawa wa kiuno nyuma, inarudi hadi usawa wa kiuno mbele, basi. Mpira unakwenda hatua thelathini. Mwalimu anasema vizuri, wewe unajiuliza kama umetapeliwa. Hujatapeliwa. Swingi kamili, yaani mzungusho mzima wa fimbo, imejengwa juu ya kile kipande cha katikati, na asiyeweza kugusa mpira kwa nusu hataugusa kwa kamili, isipokuwa kwa bahati.

Hapo katikati ndipo utakapofundishwa jambo linalopingana na akili yako kuliko yote: ukitaka mpira upande juu, usiunyanyue. Tazameni uso wa hiki chuma namba 7. Haukusimama wima, umelala nyuma, kiasi cha digrii 30 hivi, zaidi au pungufu kulingana na aliyeitengeneza. Weji zimelala zaidi, kuna zinazopita digrii 50. Draiva, ile fimbo ya kupigia mbali kuliko zote, imelala kidogo tu, nyingi ni kati ya 9 na 12. Huo mlalo ndio unaoupandisha mpira. Kazi yako ni kuishusha fimbo, igonge mpira kwanza kisha iguse nyasi mbele yake. Mpira unaondoka ukijizungusha kinyumenyume, na vile vibonyeo vidogo vilivyojaa kwenye ganda lake vinausaidia kukaa hewani. Vibonyeo hivyo navyo vina kisa chake. Katika karne ya 19 wachezaji waligundua kwamba mpira uliochubuliwachubuliwa unaruka vizuri kuliko mpya uliolainika, wakaanza kuitia makovu kwa makusudi kabla ya kuicheza.

Lakini mwili haujui hayo. Mwili unaona kitu kiko chini na unataka kiende juu, basi unakichota kama anayechota uji kwa mwiko. Uzito unabaki mguu wa nyuma, viwiko vinakunjika, na hapo kuna matokeo mawili. Ama fimbo inaingia ardhini kabla ya mpira, na hiyo tunaiita kulima, au inapita juu na kuupiga mpira utosini, ukakimbia chini kwa chini kama panya. Ukilima na ukapiga utosi katika saa moja, usifikiri una magonjwa mawili. Ni ugonjwa mmoja.

Na msitegemee kujirekebisha fimbo ikiwa njiani. Uso wa fimbo na mpira hugusana kwa kama nusu ya elfu moja ya sekunde. Mkono ukipata habari, mpira umeshaondoka zamani. Ndiyo maana mwalimu anahangaika na mambo ya kabla: mshiko, kusimama, mwendo wa kwanza wa kurudisha fimbo nyuma. Na ndiyo maana video ina faida, kwa sababu unachohisi na unachofanya ni vitu viwili tofauti. Mimi nilihisi narudisha fimbo hadi begani. Simu ilionyesha ncha yake imezunguka nyuma ya shingo na inanitazama magotini. Nilimwambia mwalimu hiyo video si yangu. Nilikuwa nimevaa shati lile lile.

Sasa jambo ambalo mwenyekiti aliniomba nisilitie chumvi. Mtakuwa wabaya kabla ya kuwa wazuri. Nasema hasa kwa nyinyi ambao mmeshacheza kidogo na marafiki mkajifundisha wenyewe. Una mtindo wako, una kosa lako na dawa ya kosa hilo, vyote viwili vimezoeana. Kwa mfano, uso wa fimbo unakuja umefunguka, mpira unapinda kulia, basi ukajizoeza kulenga kushoto sana ili urudi katikati. Mwalimu anakuja kulifunga lile kosa. Lakini ile dawa bado iko mwilini. Wiki inayofuata mipira yote inakwenda kushoto, moja kwa moja hadi kwenye ua, na unaondoka ukisema nilikuwa bora kabla sijalipa. Hapo ndipo watu wanapoacha masomo, wiki ya tatu au ya nne, na wanaacha wakati kazi ngumu imeshaanza kushika.

Tiger Woods alishinda Masters, mojawapo ya yale mashindano makubwa manne, ya mwaka 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12. Akatazama swingi yake, hakuipenda, akaanza kuijenga upya na kocha wake Butch Harmon. Mwaka 1998 alishinda shindano moja tu katika mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya Marekani, na maneno yakawa mengi. Mwaka 2000 alichukua matatu kati ya mataji makubwa manne, na Masters ya 2001 ikafuata. Sisemi mtakuwa Tiger. Nasema hata yeye alipita kwenye kile kipindi ambacho mtu anauliza, hivi huyu kocha anajua anachofanya?

Swali hilo lenyewe si la dharau, mliulize. Kuna walimu wasiofaa. Mmoja wa wale niliowahi kuwalipa alinipa maagizo saba katika saa moja: kichwa kisiinuke, kiwiko kiingie ndani, kifundo kikunjwe, nyonga ianze, na mengine nimeyasahau, maana niliyasahau pale pale. Nilisimama mbele ya mpira kama mtu anayejaribu kukumbuka namba ya simu huku akivuka barabara. Mwalimu mzuri anakupa jambo moja, anakuambia kwa nini, na kabla hujaondoka anahakikisha unaweza kulifanya bila yeye. Akikufundisha masomo matatu au manne na bado hujui unafanyia kazi nini, badilisha. Hakuna kiapo mlichokula.

Kuhusu kufundishwa peke yako au kundini, sina ugomvi na chochote. Kundini ni nafuu, unacheka na wenzako na unagundua kwamba si wewe peke yako unayelima. Peke yako unaangaliwa zaidi. Wengi wanaanza kundini kisha wanachukua masomo machache ya faragha ya nusu saa au saa moja, na si mpango mbaya.

Nirudi kwenye lile ambalo mtalidharau. Siku moja mtakuja mmejiandaa kupiga mbali, mwalimu awaambie leo ni grini. Mtasukuma mpira kwenye nyasi fupi kwa saa nzima. Mabega yatawashuka, nayajua mabega hayo. Basi pigeni hesabu nami. Kwenye uwanja wa mashimo 18 wenye par 72, yaani mikwaju 72 ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuumaliza nayo, hesabu ya par inaruhusu kusukuma mara mbili katika kila shimo. Mara mbili kwa 18 ni 36. Nusu ya mchezo mzima iko pale mnapoinama na fimbo fupi kuliko zote, ambako mama wa miaka sabini hana sababu ya kushindwa na kijana mwenye misuli. Mpira una kipenyo kisichopungua milimita 42.67. Shimo lina milimita 108. Kuna nafasi ya kutosha, zaidi ya upana wa mipira miwili, na bado mtalikosa kutoka hatua moja, tena kwa sababu ile ile: mliinua kichwa kuangalia kama mpira unaingia.

Katika grini jifunzeni kwanza umbali, kisha mwelekeo. Anayeanza anahangaika na mstari, halafu anausukuma mpira ukapita shimo kwa hatua tano. Mwalimu wangu alinifanya nisukume nikiwa nimefumba macho, kisha niseme kabla ya kufumbua: umepita, umepungua, au umefika? Siku ya kwanza nilikuwa nabahatisha. Baada ya muda mikono ikaanza kujua.

Kuna kosa moja ambalo wachezaji wengi hawapendi hata kulitaja jina, wanaogopa litawaingia kama mafua. Ni ule mpira unaogongwa na shingo ya fimbo, pale uso unapoungana na mpini, ukachomoka pembeni karibu pembe mraba. Unaitwa shenki. Nimeutaja, hakuna aliyekufa. Ukikutokea, umesogea karibu mno na mpira au mikono imesukumwa mbali na mwili. Mwambie mwalimu, na mwangalie aliyesimama kuliani kwako yuko salama.

Kati ya somo na somo ndipo gofu inapojifunzwa. Saa moja ya mwalimu bila mazoezi ni kama kuandikiwa dawa na kuiacha karatasi kwenye mfuko wa suruali. Lakini mazoezi nayo yana ujinga wake. Mtawaona kwenye uwanja wa mazoezi watu wanaomwaga ndoo ya mipira mia na kuipiga kama wanaofukuza nyuki, mmoja baada ya mwingine, bila kuinua macho kuona ulikoenda. Wametoka jasho, wamezoeza kosa lao mara mia. Chukueni thelathini. Kila mpira uwe na lengo, na kabla ya kila mmoja rudini nyuma, mshike upya, msimame upya. Kumbukeni pia kwamba mikeka ya plastiki ni mirongo. Ukilima kwenye mkeka, fimbo inateleza na mpira unaondoka kana kwamba ulipigwa vizuri. Nyasi hazina huruma hiyo. Kila mkipata nafasi ya kupiga kwenye nyasi, ichukueni.

Na jihadharini na walimu wa bure. Watakuja, wamejaa tele. Mtu amesimama mkeka wa tatu, hajawahi kucheza chini ya mikwaju 110, ataacha ndoo yake aje akuambie kichwa chako kinainuka. Mshukuru, endelea na lile moja la mwalimu wako. Wanandoa ndio nawahurumia zaidi. Bwana, usimfundishe mkeo. Bibi, na wewe pia. Mlipieni mtu baki mapema, ni akiba.

Mtaingia lini uwanjani wenyewe? Mapema kuliko mnavyofikiri. Mwalimu mwenye busara atawatoa nje baada ya masomo machache, jioni uwanja ukiwa mtupu, mcheze mashimo mawili matatu. Uwanjani mpira haukai kwenye mkeka. Unakaa kwenye mteremko, kwenye nyasi ndefu, ndani ya bunka, lile bonde la mchanga. Hapo ndipo mtakapojifunza adabu za mchezo: kutosogea wala kuongea mwenzako anapopiga, kutokanyaga mstari wa mpira wake kwenye grini, kusawazisha mchanga wa bunka kwa reki baada ya kutoka, kurudisha bonge la nyasi mlilong'oa. Mpira ukielekea kwa watu pazeni sauti, "Fo!", bila aibu na bila kuchelewa. Mtu anasamehe kelele, hasamehi nundu.

Sheria zenyewe ni nyingi, lakini mtaanza na chache. Ukizungusha fimbo kwa nia ya kuupiga mpira ukapiga hewa, huo ni mkwaju, unahesabiwa. Mpira ukiangushwa kwenye tii kwa bahati mbaya kabla hujaanza kupiga, si mkwaju. Ukipotea, una dakika tatu za kuutafuta. Zilikuwa tano hadi sheria zilipobadilishwa mwaka 2019. Na mtakapopewa hendikapu, yaani mikwaju ya ziada anayoruhusiwa mchezaji kulingana na uwezo wake, mjue kikomo chake ni 54, kwa wanaume na kwa wanawake. Maana yake, kwa hesabu ya haraka, mchezo umewaongezea mikwaju mitatu kwa kila shimo. Kwenye par 72, mtu wa hendikapu 54 akimaliza kwa 126 amecheza kama alivyotarajiwa. Mia moja ishirini na sita! Wale waliokuwa wanaogopa kuaibika wamesikia? Kinachowachosha wenzako uwanjani si mikwaju mingi, ni mtu anayesimama juu ya mpira dakika nzima. Shimo likikushinda, okota mpira, tembea na wenzako hadi linalofuata.

Kuna mzee hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza, itachukua muda gani hadi ajue kucheza. Mzee wangu, nitakujibu kwa mfano. Mwanaanga Alan Shepard alipiga mipira ya gofu juu ya mwezi, Februari 1971, kwa kichwa cha chuma namba 6 alichokifunga kwenye mpini wa chombo cha kuokotea udongo. Vazi lilimbana, alipiga kwa mkono mmoja, na majaribio ya kwanza yalitimua vumbi zaidi ya mpira. Alikuwa mcheza gofu, mwezi hauna upepo, mvutano wake ni mdogo, na bado alilima. Kwa hiyo muda gani sijui, mzee. Ila kwa kawaida anayekuja mara moja kwa wiki na kufanya mazoezi mara mbili katikati, baada ya miezi michache anaacha kushangaa mpira ukipaa na anaanza kushangaa usipopaa. Hapo atakuwa ameshaingia.

Nusu saa yangu imeisha na mikeka iko tayari. Kila mmoja achukue chuma namba 7 pale ukutani na mipira kumi, kumi tu. Wa mkono wa kushoto wajipange upande ule wa mwisho, wasije wakatazamana uso kwa uso na jirani fimbo zikiwa hewani. Tutaanza na mshiko, nitapita kwa kila mtu. Na hakuna kugusa draiva leo. Nimekuona, baba. Irudishe.